Mtende, Tiwi au Watamu: uende kighuba kipi, na ufike saa ngapi

Anayetafuta kighuba cha mchanga kilichojibanza kati ya majabali ya matumbawe, na siyo ufukwe mrefu wenye hoteli bega kwa bega, atatajiwa sana sehemu tatu za pwani yetu: Mtende kusini mwa Unguja, Tiwi katika Kaunti ya Kwale, na Watamu katika Kaunti ya Kilifi. Kwa picha zinafanana: mchanga mweupe, maji ya rangi ya feruzi, jabali limeliwa chini na mti umening'inia juu. Ukifika ndipo unaona tofauti. Mtende ina saa zake, na ukizikosa umekosa mchanga wenyewe. Tiwi inasamehe hata asiyejua maji. Watamu inategemea umeshukia ghuba ipi. Ndiyo maana tunaanza na hesabu ya maji, mahali baadaye.

Maji kabla ya mahali

Bahari yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6 na dakika 12. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makavu na maji makuu huzidi mita 3, na bamvua kubwa za karibu na Machi na Septemba hukaribia au kupita mita 4, hasa upande wa Zanzibar. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hushuka hadi kama mita 1 tu.

Wenye kalenda ya Kiislamu ukutani wana faida hapa. Bamvua huangukia takriban tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi, na maji mafu takriban tarehe 8 na 23. Kwenye pwani hii, maji ya bamvua hukauka kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa kabisa karibu saa kumi alasiri. Maji mafu ni kinyume chake: asubuhi hiyo ya saa nne yamejaa, na alasiri ndiyo yamekupwa. Katikati ya hapo, kila siku saa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Karibu na bamvua husogea kidogo zaidi ya nusu saa tu, karibu na maji mafu yanaweza kusogea zaidi ya saa nzima. Hesabu hii inatosha kuchagua siku. Ya kuchagulia saa ni jedwali la maji la Mombasa kwa Tiwi, la Zanzibar kwa Mtende, na la Malindi au Mombasa kwa Watamu. Programu nyingi za simu hulitoa bure, ila hakikisha umechagua bandari sahihi na kwamba saa imewekwa ya Afrika Mashariki.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa mpando wote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua bamvua yenye tofauti ya mita 3.6, iliyokauka saa nne asubuhi. Saa tano maji yamepanda sentimita 30 tu, na waliokaa mchangani hawajaona kitu. Saa sita yamefika sentimita 90. Saa saba ni mita 1.8, kimo cha mtu mzima mrefu. Saa nane ni mita 2.7. Mtu aliyetulizwa na ile saa ya kwanza ndiye anayekuja kukimbizana na viatu vyake saa sita na nusu.

Namna watu wanavyonaswa

Majabali haya ni matumbawe ya kale, yaliyoota bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Mawimbi, pamoja na konokono na viumbe wengine wanaokwangua jiwe, huyala usawa wa maji, hivyo jabali linabaki na shingo nyembamba chini na kichwa kipana juu, mfano wa uyoga. Pale jiwe lilipokuwa laini zaidi bahari imekula ndani na kuacha kighuba. Pale lilipokuwa gumu imebaki rasi.

Mchanga wa kighuba huwa umelala kwa mteremko, juu ukutani na chini majini. Mguu wa rasi, ule unaopita ukienda kighuba cha pili, mara nyingi uko chini kuliko sehemu uliyotandika kanga yako. Kwa hiyo maji yanaporudi huifunga rasi kwanza, huku wewe bado una mchanga mkavu wa kutosha na huna wasiwasi. Unapoona maji yamekaribia kanga, njia imeshafungwa muda mrefu. Nyuma yako ni jabali lililoinama mbele, ambalo halipandiki, na jiwe lake linakata ngozi kwa kuligusa tu.

Kanuni ya kufuata ni fupi. Ukitaka kuzunguka rasi, ondoka saa moja kabla ya maji kukauka, na uwe umesharudi upande wenye ngazi au njia ya gari saa moja baada ya kukauka. Ukizidisha, usizidi saa moja na nusu. Kabla ya kupita, tazama jabali: mstari mweusi wenye chaza wadogo na majani ya kijani unaonyesha maji makuu yanafika wapi. Mstari huo ukiwa juu ya kichwa chako mahali unapopita, hapo si pa kukaa na kula chakula.

Ukishanaswa, usijaribu kuogelea kuzunguka rasi wakati maji yanapanda kwa nguvu. Mawimbi yanayorudi kutoka jabalini ndiyo yanayochana watu. Panda sehemu ya juu kabisa ya mchanga na upige simu. Na kama kweli mstari wa maji unaonyesha kighuba chote kinazama, toka mapema, maji yakiwa magotini, usingoje yafike kifuani. Usijikinge jua chini ya jabali lililoliwa, kwani mapande huanguka, hasa baada ya mvua kubwa.

Mtende

Mtende ni kijiji kati ya Makunduchi na Kizimkazi, kilomita 60 na ushei kutoka Mji Mkongwe. Kwa gari ni mwendo wa saa moja na nusu, na kipande cha mwisho ni njia ya vumbi na mawe kati ya vichaka. Kighuba chenyewe ni kidogo sana. Unashuka kwa ngazi kutoka juu ya jabali, unakuta mchanga mweupe umezungukwa na kuta mbili, na mbele visiwa vidogo vya jiwe. Juu pana mgahawa, na mara nyingi anayeshuka hutakiwa kulipa kiingilio au kununua chakula. Uliza bei kabla hujakanyaga ngazi, siyo ukishapanda na chumvi mwilini.

Kwa uzuri wa kutazama, hiki kinavishinda vyote vya Tiwi na Watamu. Ila ndicho kigumu kuliko vyote. Maji ya bamvua yakijaa, mchanga hutoweka karibu wote na unachobaki nacho ni ngazi na mawimbi yanayogonga ukuta. Wageni wanaokodi gari mjini saa tano asubuhi, wakasimama Jozani kutazama kima punju, wakafika Mtende saa tisa alasiri siku ya mwezi mpevu, hukuta hali hiyo hasa, kisha huandika kwamba picha ziliwadanganya.

Ratiba inayofaa siku ya bamvua ni kutoka mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kuwa chini ya ngazi saa mbili na nusu, kuzunguka vighuba vya pembeni kati ya saa tatu na saa tano, na kupanda juu saa sita. Utaona mchanga mpana, lakini maji ya kuogelea yatakuwa haba. Itabidi ujilaze kwenye mabwawa kati ya mawe. Anayetaka kuogelea hasa achague siku ya katikati, tarehe 5 au 6, au 19 au 20 za mwezi wa Kiislamu, maji yanapokauka mchana kati ya saa saba na saa nane. Afike saa nne hivi, aogelee maji yakiwa bado ya kutosha, kisha aone mchanga ukijifunua mbele yake.

Pwani hii inatazama kusini, hivyo kusi, upepo wa msimu kutoka kusini, inaigonga usoni. Kuanzia Juni hadi Agosti tegemea mawimbi, upepo unaorusha mchanga, na maji yaliyochafuka. Desemba hadi Machi mwanzoni, kaskazi inapovuma, jabali lenyewe linakuwa kinga na maji hutulia. Julai ina kisa kingine: Mwaka Kogwa wa Makunduchi hujaza barabara na magari, na nyumba za wageni za kusini hupandisha bei. Kwa anayekwenda kutazama Mwaka Kogwa ni sawa kuunganisha. Kwa anayetafuta upweke, hapana.

Kwa usafiri wa umma ni kazi. Daladala ya Makunduchi ni namba 310 na ya Kizimkazi ni 326, lakini zote zitakushusha mbali na ngazi, na kurudi jioni zinakuwa chache. Watu wanne wakichanga gari moja la kukodi huokoa siku nzima. Mzee mwenye magoti mabovu au mzazi mwenye kitoto cha kubeba asiletwe hapa, kwa sababu ngazi ni kali na zikilowa zinateleza.

Ukifika ukakuta maji yameshakujia, usikae kulalamika juu ya jabali. Nenda Kizimkazi Dimbani, ambako pana ufukwe uliopinda kati ya majabali mafupi, vyombo vya wavuvi, na ule msikiti wa zamani wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Si pa faragha kama Mtende, maana boti za pomboo hutokea hapo, lakini alasiri boti nyingi zimesharudi. Kijijini pita umejifunika mabega na magoti, na msikitini uliza kwanza.

Tiwi

Tiwi iko kusini mwa Mombasa, kabla ya Diani. Kutoka Likoni hadi njia panda ni karibu kilomita 18, kisha kama kilomita 3 za barabara ndogo hadi baharini. Asiye na gari avuke kivuko kwa miguu, bure, apande matatu ya Ukunda na ateremke Tiwi. Mwenye gari anayetoka Nairobi anaweza kupita barabara ya Dongo Kundu asiguse foleni ya kivuko.

Kile kipande kutoka barabara kuu hadi ufuoni usikitembee kwa miguu, hata mchana, hata mkiwa wawili. Kwa miaka mingi kimejulikana kwa uporaji, na boda au tuktuk ni pesa kidogo. Mpatane bei ya kwenda na ya kurudi, na chukua namba ya dereva, maana ukitoka mchangani jioni hutakuta boda imesimama ikikungoja.

Hapa hakuna kighuba kimoja maarufu bali mfululizo wa vighuba, kila kimoja kimetenganishwa na kichwa cha jabali. Juu yake pana nyumba za kukodi za kujipikia na kambi za mahema, na wavuvi hupita na samaki asubuhi. Kwa sababu ngome ya matumbawe iko mbali kidogo na ufuo, mawimbi makubwa huvunjikia huko nje, na ndani hubaki bwawa tulivu. Sehemu nyingi mchanga wa juu haufunikwi wote hata maji yakijaa. Ndiyo maana tunasema Tiwi inasamehe: ukifika saa isiyofaa utakosa kutembea hadi kighuba cha pili, lakini hutakosa pa kukaa.

Maji yakikauka siku ya bamvua, shida inageuka. Bwawa linakuwa magotini au chini zaidi, limejaa majani ya bahari na mawe, na kuogelea hakupo hadi saa saba. Tumia saa hizo kwenda kwenye ile bwawa ya jabalini yenye umbo la bara letu, wenyeji huiita Africa Pool, upande wa kusini wa Tiwi kuelekea mdomo wa Mto Mwachema. Ni shimo lenye kina ndani ya jiwe tambarare. Linaingilika maji yakiwa makavu tu. Wimbi la kwanza likivuka ukingo na kumwagikia ndani, toka papo hapo. La tatu au la nne litakubamiza ukutani. Asiyejua kuogelea asiingie, kwa sababu hakuna sehemu ya kusimama ya uhakika, na kingo zake ni za kukata mikono.

Ng'ambo ya Mwachema ni Msikiti wa Kongo na mibuyu yake, na hapo ndipo Diani inapoanza. Mto huvukwa kwa miguu maji yakikupwa. Kamwe usiogelee mdomoni mwake wakati maji yanatoka. Matumbawe hayapendi maji ya mto na tope lake, hivyo penye mto ngome hukatika, na maji yote ya bwawa hutafuta mlango huo kurudi baharini. Mkondo huwa mkali zaidi saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kukupwa. Ukibebwa, usipambane nao. Ogelea kando, sambamba na ufuo, hadi uhisi umekuachia.

Kwa familia yenye watoto, jibu ni Tiwi. Gari linafika karibu na mchanga, jiko lipo, bwawa halina mawimbi, na wachuuzi ni wachache kuliko Diani. Udhaifu wake ni kwamba hakuna duka la maana karibu na ufuo. Nunua maji ya kunywa, mkaa na mboga Ukunda au kule barabara kuu kabla ya kuteremka. Wakati wa kusi majani ya bahari hurundikana na kunuka kwenye vighuba vya pembe. Sogea kighuba kimoja kaskazini au kusini, mara nyingi utakuta cha jirani ni safi.

Watamu

Watamu ni rahisi kufika kuliko jina lake la mbali linavyodhaniwa. Kutoka Mombasa ni karibu kilomita 105. Matatu ya Malindi inakushusha Gede, na kutoka hapo tuktuk au matatu nyingine inakupeleka hadi kijijini. Anayeruka atue Malindi.

Ghuba zake kuu tatu, ukitoka kaskazini kwenda kusini, ni Watamu Bay, Blue Lagoon na Turtle Bay, halafu unafuata mchanga mrefu wa Garoda hadi mdomo wa Mida, hori la mikoko. Watu huzitaja kwa pamoja na hapo ndipo kosa la kuchagua linapotokea. Blue Lagoon ndiyo kighuba hasa: umbo la nusu duara, jabali pande zote mbili, visiwa mlangoni, maji tulivu. Imejificha kwa upepo lakini siyo kwa watu. Watamu Bay iko karibu na kijiji, na maji yakikupwa mchanga wake hupanuka hadi unatembea kwa miguu kufikia visiwa vya jiwe. Turtle Bay ni pana, ina hoteli nyingi, na ndipo boti nyingi huanzia. Garoda ina nafasi kubwa na watu wachache, ila siyo kighuba.

Asiyependa kufuatwafuatwa ajue mapema: wachuuzi wa Watamu ni wengi na hodari, na ukionekana mgeni utasalimiwa kwa Kiitaliano kabla ya Kiswahili, kwa vile Waitaliano wamekuwa wateja wa pwani hii kwa muda mrefu. Mjibu kwa Kiswahili, sema umeshapata, endelea na safari. Ukijadili bei umeshaingia.

Kinachoipa Watamu ushindi ni chini ya maji. Hifadhi yake ya bahari, pamoja na ile ya Malindi, ilianzishwa mwaka 1968, za kwanza Kenya, na uvuvi ndani yake umepigwa marufuku. Samaki hawakukimbii. Bustani za matumbawe hufikiwa kwa boti, na wakati mzuri ni saa mbili kabla na baada ya maji kukauka: maji ni machache, mwanga unafika chini, na mkondo umetulia. Ada ya hifadhi hulipwa kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kwa hiyo jisajili ukiwa na mtandao mzuri, na mwombe nahodha akuambie kama bei yake ina ada ndani au ni ya boti peke yake. Ugomvi mwingi wa ufuoni huanzia kwenye swali hilo lisiloulizwa.

Katika hifadhi hairuhusiwi kuokota makombe wala matumbawe, hata yaliyokufa. Tangu Juni 2020 Kenya imekataza pia plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi na fukwe zilizolindwa: chupa za maji, vikombe, sahani, mirija. Beba maji kwenye chupa ya bati. Na kasa hutaga kwenye fukwe hizi, hivyo usiku usiwashe tochi nyeupe mchangani, na ukiona alama za mapezi zinazopanda kutoka majini, usizikanyage, kwa sababu walinzi wa viota huzifuata asubuhi.

Mdomo wa Mida uogopwe. Maji yote ya hori kubwa la mikoko hupita mlango mmoja, mara nne kwa siku, na kwa bamvua mkondo wake humshinda muogeleaji mzuri. Garoda oga, lakini kaa mbali na kona hiyo.

Kwa misimu, Watamu ni nzuri zaidi Oktoba hadi Machi kwa maji angavu. Malindi, jirani yake wa kaskazini, hupata tope la Mto Sabaki miezi hiyo hiyo ya kaskazi, na wapo wanaodhani Watamu nayo hivyo. Kwa kawaida haifikiwi sana. Juni hadi Agosti kusi huleta majani ya bahari kwa wingi.

| | Mtende | Tiwi | Watamu |
|---|---|---|---|
| Maji yakijaa kwa bamvua | Mchanga karibu wote unazama | Mchanga wa juu hubaki sehemu nyingi | Hubaki, ila huwezi kupita ghuba hadi ghuba |
| Maji yakikauka kwa bamvua | Ndiyo saa yake | Kutembea tu, kuogelea hakuna | Visiwa kwa miguu, boti za matumbawe |
| Kushuka | Ngazi kali | Rahisi, gari karibu | Rahisi |
| Watu | Wachache, ila gari mbili zinakijaza | Wachache | Wengi |
| Kusi | Vibaya | Wastani, majani | Wastani, majani mengi |

Usiyetaka kuhesabu chochote, chagua siku ya maji mafu. Bahari hupanda na kushuka kwa mita moja hivi tu, haifichui miamba yote wala haifuniki mchanga wote. Hutaona Mtende katika upana wake, wala hutatembea hadi visiwa vya Watamu, lakini utaogelea saa yoyote, na hakuna rasi itakayokufungia ghafla. Kwa anayeenda mara ya kwanza na watoto, hiyo ni bora kuliko bamvua yenye picha nzuri.

Miguuni na mfukoni

Kandambili hazifai; zinavuka mchanga lakini juu ya jabali lenye maji huteleza, na zikikatika una mguu mtupu juu ya jiwe kali. Vaa viatu vya plastiki vya kufunika vidole, vile vya sandak, au raba kuukuu. Kanga mbili badala ya taulo: moja ya kulalia, moja ya kujifunika, zote zinakauka upesi. Maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu kwa nusu siku, kwa sababu kighuba kimezibwa, upepo hauingii, na joto lake ni kali kuliko la ufukwe wa wazi. Simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji. Mtandao huwa hafifu chini ya majabali, kwa hiyo piga picha ya jedwali la maji kabla hujashuka.

Beba na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Mtu akikanyaga wale viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaojibana kwenye mashimo ya mwamba, au akichomwa na samaki-jiwe au taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani), dawa ya kwanza ni maji ya moto. Changanya na ya baridi hadi yafike joto ambalo mtu mzima anaweza kulivumilia, si zaidi ya nyuzi 45. Apime mwingine kwa mkono wake, kwa sababu aliyeumia hana uhakika wa kuhisi na ataungua bila kujua. Tumbukiza mguu kwa dakika 30 hadi 90, ukiongeza ya moto yanapopoa. Miiba inayojitokeza itoe kwa kibano. Iliyovunjikia ndani usiichokonoe kwa sindano ya kushonea, maana inavunjika vipande zaidi na kuoza. Mkwaruzo wa matumbawe usafishwe kwa maji matamu na sabuni hadi chembe zitoke, hata kama unauma, kisha upakwe dawa ya aidini. Ukiuacha hivi hivi utakuwa na usaha siku ya tatu.

Samaki-jiwe na taa ni wa hospitali, hata maumivu yakipungua. Kutoka Mtende nenda Makunduchi, kutoka Tiwi nenda Ukunda au Msambweni, kutoka Watamu nenda Malindi. Dereva mwenye namba yako umwambie hivyo tangu asubuhi, ajue anaweza kuitwa kabla ya saa mliyopatana.